Kurudi nyumbani kutoka Ghuba bila pasipoti: hati ya dharura na kufuli la pili

Hati ya Dharura ya Safari inamwambia afisa wa mpakani jambo moja tu: aliyeishika ni Mtanzania, na nchi yake itampokea. Haimwambii kwamba faini zake zimelipwa, wala kwamba kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini viza, amemwachia, wala kwamba kesi aliyofunguliwa mwaka juzi imefungwa. Ndiyo maana wapo wanaofika kaunta ya uwanja wa ndege wa Muscat au Dubai na hati mpya mkononi, tiketi imenunuliwa na ndugu waliochangishana huko Tandika au Makunduchi, na bado wanarudishwa. Hati ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ruhusa ya kutoka, na ruhusa hiyo haitolewi na ubalozi wetu.

Makufuli ni mawili, basi. La kwanza ni la nchi yako, linafunguliwa ubalozini. La pili ni la nchi uliyomo, na hilo linafunguliwa na mamlaka zake za uhamiaji, mara nyingi baada ya kupita polisi au wizara ya kazi. Anayeshughulikia la kwanza peke yake anapoteza pesa na siku. Naandika kwa ajili ya aliyeko Oman, Imarati, Saudia au nchi nyingine ya Ghuba, na kwa ndugu yake aliyeko nyumbani, maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na ndugu.

Imepotea, au imeshikwa?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hulijibu vibaya kwa sababu ya hofu.

Pasipoti iliyopotea au kuibiwa haijulikani ilipo. Pasipoti iliyo kwenye kabati la kafili, au kwa ajenti aliyekuleta, haikupotea, imeshikwa. Kanuni za kazi za karibu nchi zote za Ghuba zinamkataza mwajiri kuishika pasipoti ya mfanyakazi. Hata hivyo jambo hilo linafanyika kila siku, hasa kwa wafanyakazi wa majumbani.

Usiende polisi kusema imepotea wakati unajua aliyenayo. Kwanza, ni taarifa ya uongo, na kafili akiitoa pasipoti mezani kesi inakugeukia wewe. Pili, pasipoti ikishatangazwa kupotea hufutwa, na namba yake inaweza kuingizwa kwenye hifadhidata ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibiwa, iliyoanzishwa mwaka 2002. Kuanzia hapo, hata ukirudishiwa kesho yake, usiitumie. Afisa akiisoma kwenye mashine, jibu litakuwa kwamba hati hiyo imefutwa, na maelezo yako hayatabadilisha kitu.

Iliyoshikwa ina njia yake. Ubalozi humpigia mwajiri simu. Akikaidi, shauri linapelekwa wizara ya kazi au polisi wa eneo, na mara nyingi pasipoti hutoka, kwa sababu mwajiri hataki kuandikiwa kosa. Kupata pasipoti yako mwenyewe ni bora kuliko kupata hati ya dharura, maana pasipoti ina viza yako na inakubalika na kila shirika la ndege. Hati ya dharura iombwe pale njia hiyo imeshindikana, na hapo mweleze afisa wa ubalozi ukweli ulivyo: nani anayo, tangu lini, namba yake ya simu, na jina la mtaa. Ubalozi unaweza kukutolea hati hata kama pasipoti ipo kwa mtu, lakini lazima afisa ajue hilo tangu mwanzo, asije akalibaini baadaye kupitia kafili.

Karatasi ya polisi

Kama kweli imepotea, ripoti ya polisi ndiyo mlango. Nenda kituo cha eneo ilikopotea, na chukua kitambulisho chochote cha ukaazi ulichonacho: bataka kwa aliyeko Oman, ikama kwa aliyeko Saudia, kadi ya Imarati kwa aliyeko Dubai au Sharjah. Nchi nyingine huhitaji pia barua ya mwajiri au mdhamini wa viza, yenye mhuri. Kama ulikuja kwa viza ya matembezi, mdhamini ni hoteli, kampuni ya utalii au ndugu aliyekuombea.

Oman ina jambo ambalo nchi nyingine hazina: Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na mwambao wanakizungumza Kiswahili, na unaweza kukutana nao hata kituo cha polisi. Inapunguza woga. Lakini ripoti yenyewe itaandikwa Kiarabu, na hapo ndipo majina yetu yanapoharibika. Kiarabu hakina herufi ya "p" wala ya "ch". Pili anakuwa Bili, Chausiku anaandikwa Shausiku. Mtafsiri akiirudisha ripoti hiyo kwenye herufi za Kilatini, unapata mtu mwingine kabisa. Kabla ya kuondoka kituoni, omba jina liandikwe pia kwa herufi za Kilatini kama lilivyokuwa kwenye pasipoti, majina yote matatu, pamoja na namba ya pasipoti. Kosa la herufi moja linarekebishwa papo hapo kwa dakika tano. Likigunduliwa wiki ijayo, unaanza foleni upya.

Namba ya pasipoti hujaikariri? Iko sehemu nyingi kuliko unavyodhani. Iko kwenye viza uliyotumiwa kwa WhatsApp, kwenye mkataba wa kazi, na kwenye tiketi ya kuja, kama ajenti alijaza taarifa za abiria. Iko kwenye akaunti ya Absher, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, kwa aliyeko Saudia, na kwenye maombi ya pasipoti uliyojaza mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji. Ndugu nyumbani atafute kwenye simu yake ya zamani, maana watu wengi hutuma picha ya pasipoti mpya siku ile ile wanayoipokea.

Kuthibitisha kwamba wewe ni wewe

Ubalozi hautoi hati kwa sababu tu unazungumza Kiswahili kizuri. Kiswahili kinazungumzwa Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi na Muscat yenyewe. Afisa anatakiwa aridhike kwamba wewe ni raia, na kama hana ushahidi mkononi atauliza Uhamiaji nyumbani. Kuuliza huko ndiko kunakokula siku. Ukiwa na nakala ya pasipoti, jina lako hutafutwa kwenye mfumo na kuonekana. Usipokuwa na kitu, subira inaweza kuwa ndefu.

Kwa hiyo kusanya, kwa uzito wake. Nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti ndiyo ya kwanza. Halafu namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Kama umeisahau, ndugu nyumbani anaweza kuitafuta kwa simu kupitia *152*00#, akiwa na majina yako kamili, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama. Halafu cheti cha kuzaliwa, cha RITA kwa Bara au cha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Mzanzibari aongeze kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Vikikosekana vyote, barua ya sheha au ya mtendaji wa mtaa au kijiji, yenye mhuri, picha yako na namba ya simu ya ofisi, pamoja na vitambulisho vya mzazi mmoja au ndugu wa damu. Barua peke yake ni dhaifu. Barua pamoja na NIDA ya mama na cheti chako cha shule ya msingi ni nyingine.

Ndugu asipige picha ya cheti kikiwa kimekunjwa juu ya kitanda. Aende stesheneri, askani kurasa zote, atume kama PDF, na asili abaki nayo. Picha yenye kivuli hairuhusu namba kusomeka, na afisa akishindwa kusoma anaweka pembeni, anachukua faili linalofuata.

Sasa suala la tarehe ya kuzaliwa, ambalo watu hulionea aibu. Wapo mabinti walioongezewa umri na ajenti ili wakidhi masharti ya kazi za ndani, basi pasipoti inasema miaka 25 na NIDA inasema 19. Kwa kuwa NIDA inaanza na tarehe yenyewe, tofauti inaonekana mara moja. Usijaribu kuificha. Mweleze afisa kwamba tarehe ya kwenye pasipoti iliwekwa na ajenti, na ipi ni ya kweli. Hati yako ikitoka, jambo la maana kwa uwanja wa ndege ni kwamba taarifa zilizo juu yake zioanishwe na kumbukumbu za kuingia kwako nchini humo. Kama jina au tarehe vimetofautiana na viza, omba barua ya ubalozi inayosema mtu huyu ni yule yule. Bila barua hiyo, kompyuta ya uhamiaji wa kule inakuona kama mtu aliyetoka bila kuwahi kuingia.

Ukiwa ubalozini utaulizwa maswali: shule uliyosoma, mtendaji au sheha wako nani, kutoka kwenu hadi mjini unapita wapi. Jibu kama ulivyoishi. Aliyekulia mikoa ya mpakani ajiandae kwa maswali zaidi, na ndugu zake wawe karibu na simu siku hiyo.

Siku ya ubalozi

Piga simu kabla. Tanzania ina ubalozi Muscat, Abu Dhabi, Riyadh, Doha na Kuwait, na ubalozi mdogo Dubai. Siku za kazi huko huanza Jumapili katika nchi nyingi, lakini Imarati wameanza Jumatatu tangu Januari 2022, na saa za huduma za kikonsula mara nyingi huisha mchana. Mtu aliyetoka Salalah hadi Muscat, zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, hapaswi kukuta geti limefungwa kwa sikukuu ya nyumbani ambayo hakuikumbuka. Balozi zetu hufunga pia kwa sikukuu zetu.

Picha ni za pasipoti, na kwa nyaraka za Tanzania mandhari ya nyuma huwa bluu nyepesi. Studio za Ghuba, usiposema, zitakupa nyeupe. Piga sita ukiwa studio hiyo hiyo, maana utazihitaji tena upande wa pili. Hijabu haina tatizo mradi uso wote uonekane, kuanzia kidevu hadi paji la uso.

Ada inalipwa kwa utaratibu wa serikali, kwa namba ya malipo au akaunti ya ubalozi, na risiti unabaki nayo. Anayekuambia umtumie yeye kwenye namba yake ya simu ili "aharakishe" hana anachoharakisha. Hati za kughushi zipo, na madhara yake ni makubwa: ukikamatwa nayo uwanja wa ndege, tatizo lako la karatasi linageuka kuwa kesi ya jinai katika nchi ya watu.

Ukikabidhiwa hati, isome palepale kabla ya kutoka mlangoni. Jina herufi kwa herufi. Tarehe ya kuzaliwa. Jinsia. Picha imegongwa mhuri. Saini ipo. Tarehe ya mwisho wa matumizi ni lini, na imeandikwa kwa safari gani. Hati ya aina hii ni ya kurudi nyumbani. Usiipangie kupitia nchi ya tatu kumsalimia shangazi. Usiipeleke kuwekewa plastiki ya moto, kwa sababu mihuri ya kutoka inagongwa juu yake na karatasi iliyofunikwa haigongeki. Iweke kwenye bahasha ngumu. Piga picha pande zote, mtumie ndugu.

Kufuli la pili

Hapa ndipo watu hukwama, na hapa ndipo napenda msomaji atulie.

Kabla hujanunua tiketi, jua hali yako kwenye mfumo wa nchi uliyomo. Maswali ni matatu. Ukaazi wangu uko hai, umeisha, au umefutwa? Nimeripotiwa kutoroka? Nina kesi au deni lililowekewa zuio la kusafiri? La kwanza na la pili hujibiwa na idara ya uhamiaji au wizara ya kazi. La tatu hujibiwa na polisi au mahakama. Kama huna njia ya kujua mwenyewe, muombe afisa wa ubalozi au wa ustawi wa wafanyakazi akuulizie kwa namba yako ya ukaazi.

Faini za kukaa kupita muda zinahesabika, kwa hiyo zihesabu kabla ya kushtuliwa nazo. Imarati ni dirhamu 50 kwa siku baada ya muda wa nafuu kwisha. Aliyezidisha siku 120 anadaiwa dirhamu 6,000, bila ada za kibali. Oman, kwa viza ya matembezi, ni riali 10 kwa siku. Siku 45 ni riali 450, pesa inayozidi tiketi mara kadhaa. Kila siku unayosubiri hati inaongeza deni hilo. Ndiyo sababu maombi ya ubalozi na ufuatiliaji wa faini viende sambamba, si kimoja kikisubiri kingine.

Zipo nafuu. Nchi za Ghuba hutangaza msamaha kila baada ya miaka kadhaa. Imarati walitoa mmoja kuanzia tarehe 1 Septemba 2024, ukapangwa kuisha 31 Oktoba, ukasogezwa hadi 31 Desemba. Ndani yake faini zilifutwa na anayeondoka hakuwekewa alama ya kuzuiwa kurudi. Kilichowaponza wengi ni kwamba walisubiri wiki za mwisho, wakati msamaha ulihitaji hati ya kusafiria ili kibali cha kutoka kitolewe, na balozi za nchi zote zilikuwa zimefurika. Ukisikia msamaha umetangazwa, hati ya dharura iwe kazi ya siku ya kwanza. Na kwa asiye kwenye kipindi cha msamaha, bado maombi ya kupunguziwa faini yanapokelewa, hasa yakiwa na barua ya ubalozi na sababu ya kweli: ugonjwa, kutolipwa mshahara, kufiwa.

Taarifa ya kutoroka, ile ambayo Saudia huitwa huroob, ni nzito kuliko faini. Mwajiri akishairipoti, mfumo unakuona kama mtu anayetafutwa. Inaweza kuondolewa na mwajiri mwenyewe, au kwa uamuzi wa ofisi ya kazi kama utathibitisha kwamba ulikimbia mateso au hukulipwa. Ushahidi hapo ni ujumbe wa simu, sauti za WhatsApp, picha za majeraha, karatasi ya hospitali, tarehe ulizolipwa na ambazo hukulipwa. Usifute chochote kwenye simu.

Saudia, anayeondoka kabisa huhitaji viza ya kutoka mwisho, khuruj nihai. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwawezesha wafanyakazi wengi wa kampuni kuiomba bila idhini ya mwajiri, lakini wafanyakazi wa majumbani hawakuingizwa, na hao ndio dada zetu wengi. Kwao kafili ndiye anayeitoa, kupitia akaunti yake ya Absher. Ikishatolewa ina siku 60. Kwa hiyo hati, viza ya kutoka na tiketi vyote vina saa inayokimbia, kila kimoja na yake. Qatar iliondoa kibali cha kutoka kwa wengi mwaka 2018 na kwa wafanyakazi wa majumbani mwaka 2020, ila hawa wa mwisho wanatakiwa kumjulisha mwajiri saa 72 kabla.

Kafili akikataa kabisa na ofisi ya kazi ikashindwa, inabaki njia ya tarhili, yaani kituo cha kurudishwa makwao. Wapo wanaojisalimisha kwa kuwa hawaoni mlango mwingine. Ujue gharama yake: alama za vidole, basma, zinabaki kwenye mfumo, na kurudi kufanya kazi nchi hiyo kunazuiwa. Mle ndani hati ya dharura ndiyo inayosubiriwa. Mtu anaweza kukaa siku nyingi mno kwa sababu tu hakuna aliyepeleka uthibitisho wa uraia wake ubalozini. Aliyeshikwa ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, kwa Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonsula wa mwaka 1963, kifungu cha 36. Ndugu nyumbani wasisubiri simu yake. Waandike Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma au ofisi yake ya Zanzibar, wakiweka jina, namba ya pasipoti, nchi, mji, kituo kama kinajulikana, na mara ya mwisho kuwasiliana.

Na mshahara. Ukishavuka mlango wa ndege, kudai ukiwa Tanga kunakuwa kugumu sana. Kama unadai, fungua shauri kabla ya kuondoka, na kama huwezi kusubiri hukumu, uliza ubalozini namna ya kuacha uwakilishi wa kisheria. Usitie saini karatasi ya Kiarabu ambayo hujatafsiriwa. Mara nyingi ni ile inayosema umelipwa haki zako zote.

Tiketi

Nunua baada ya makufuli yote mawili kufunguka, si kabla. Kama lazima iwe kabla, nunua inayobadilishwa tarehe.

Ndege ya moja kwa moja ni bora hata ikizidi bei. Shirika la ndege likimbeba mtu asiye na nyaraka kamili hulazimika kumrudisha na linaweza kupigwa faini, hivyo mfanyakazi wa kaunta huangalia Timatic, mfumo wa IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) unaosema nyaraka gani inakubalika kwa safari gani. Kwa safari ya Muscat hadi Dar es Salaam au Zanzibar swali ni moja: Tanzania itampokea? Ukipitia nchi nyingine, swali linakuwa mawili, na jibu la pili laweza kuwa hapana. Ikibidi kupitia Addis Ababa, Doha au Nairobi, iwe tiketi moja yenye safari zote, mzigo uandikwe hadi mwisho, na usubirie ndani ya uwanja bila kulala mjini. Tiketi mbili tofauti za bei rahisi ni mtego, kwa sababu inabidi uingie nchi ya katikati kuchukua begi, na hati yako haikupi kuingia huko.

Jina kwenye tiketi lifuate hati, si jina la kwenye simu wala la ndoa. Namba ya pasipoti ya zamani iondolewe kwenye taarifa za safari, iwekwe namba ya hati. Fika uwanjani saa nne kabla ya ndege kuondoka. Mageti ya kujihudumia hayataisoma karatasi yako. Nenda kwa afisa, mpe hati, ripoti ya polisi, kibali cha kutoka na risiti za faini, kwa mpangilio huo, na nakala ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Ukirudishwa, omba sababu iandikwe au ipigwe picha kwenye skrini, kisha piga simu ubalozini ukiwa bado pale pale. "Wamenikatalia" hakumsaidii afisa. "Zuio la kesi namba fulani" linamsaidia.

Mama mwenye mtoto

Mtoto anahitaji hati yake mwenyewe, hata kama ana wiki mbili. Karatasi ya hospitali inayoonyesha jina la mama na tarehe ya kujifungua ndiyo mzizi wa kila kitu, kwa hiyo isitupwe wala isiachwe mikononi mwa mtu. Sheria ya Uraia ya 1995 inatambua uraia wa kurithi kwa mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje, na mama anatosha kuwa mzazi huyo Mtanzania.

Ugumu uko kwa aliyejifungua bila cheti cha ndoa, katika nchi ambako hilo lina hatari ya kisheria na usajili wa mtoto unakwama. Huyu asianzie polisi. Aanzie ubalozini, aeleze yote, na afisa apange hatua. Inaweza kuhitajika kipimo cha vinasaba kuthibitisha kwamba mtoto ni wake, na hilo linachukua muda. Kumwacha mtoto kwa rafiki "mpaka mambo yakae sawa" kunamweka mtoto mahali ambapo hakuna nchi inayomjua.

Ukitua

Uhamiaji wa Julius Nyerere au Abeid Amani Karume wanaweza kukuweka pembeni kwa maswali machache na kuichukua hati. Hilo ni la kawaida, kazi yake imekwisha. Baki na picha zake, ripoti ya polisi na nakala za karatasi za kutoka, kwa sababu ukiomba pasipoti mpya utatakiwa kueleza ya zamani ilikwenda wapi. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000, lakini kwa aliyepoteza kuna masharti ya ziada, hivyo uliza ofisi ya mkoa kabla ya kulipa. Na kama tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imechezewa, irekebishe sasa, pasipoti mpya ifuate NIDA.

Kwa Wakenya walioko huko huko Ghuba, balozi zao hutoa cheti chao cha dharura, na uthibitisho unaanza na namba ya kitambulisho cha taifa. Upande wa kufuli la pili hakuna tofauti: faini, huroob na khuruj ni zile zile kwa aliyetoka Kilifi na aliyetoka Pangani.